Karatasi Mkononi mwa Msafiri: Hati za Safari Ufipa na Suala la Nakala Kivuli, 1890 hadi Sasa

Utangulizi

Makala hii inajadili swali ambalo kwa sura ni dogo: je, msafiri wa leo, mwenye simu mfukoni na taarifa zake zikiwa zimehifadhiwa katika kanzidata za serikali, bado anahitaji kubeba nakala ya karatasi ya hati zake za safari? Swali hili hujibiwa kila siku katika stendi za mabasi na katika maduka ya kutolea vivuli, na kwa kawaida hujibiwa kwa mazoea. Hapa linajibiwa kwa njia ya historia. Uwanja uliochaguliwa ni Ufipa, yaani nchi ya juu iliyoko kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Ufipa ni nchi ya mpakani, na tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa watu wake wamesafiri mbali kutafuta kazi, wakipita mikononi mwa watawala wa aina mbalimbali waliodai karatasi za aina mbalimbali. Aidha, mwandishi amekulia Chanji, katika mji wa Sumbawanga, na baadhi ya mambo yanayoelezwa hapa aliyaona kwanza nyumbani kabla ya kuyakuta maktabani.

Hoja kuu ni kwamba suala la nakala haliwezi kutenganishwa na suala la nani anaishika hati halisi. Kwa sehemu kubwa ya historia ya Ufipa, karatasi ya safari haikuwa mali ya msafiri. Ilitolewa na mwingine, ikaandikwa kwa lugha ya mwingine, na ingeweza kuchukuliwa na mwingine. Nakala kivuli ni jambo geni katika historia hiyo kwa sababu ni karatasi ambayo msafiri anaitengeneza mwenyewe, kwa hiari yake na kwa fedha yake.

Kabla ya mpaka

Itakuwa makosa kudhani kwamba safari za kabla ya ukoloni hazikuwa na utaratibu wa utambulisho. Ufipa ya karne ya kumi na tisa ilikuwa na dola mbili, Nkansi na Lyangalile, zilizotawaliwa na koo za Watwa, na mgeni aliyepita katika nchi hizo alitambulishwa kwa wenyeji wake, kwa zawadi aliyotoa na kwa mtu aliyemsindikiza. Roy Willis, ambaye uchunguzi wake juu ya dola za Ufipa ulichapishwa mwaka 1981, ameonesha jinsi jamii hii ilivyothamini mahusiano ya kubadilishana na kupokea wageni. Karatasi ilikuwapo, ila mikononi mwa wachache. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilibeba barua zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. David Livingstone, aliyepita nchi ya Wafipa mwaka 1872 katika safari yake ya mwisho, alikuwa ameianza safari ile mwaka 1866 akiwa na barua ya Seyyid Majid, Sultani wa Zanzibar, na barua hiyo ilimfaa alipokutana na wafanyabiashara Waarabu. Inafaa kuzingatia kwamba barua ya namna hiyo ilikuwa na nguvu palipokuwa na mtu aliyelijua jina la aliyeiandika. Mahali pengine ilikuwa karatasi tu.

Karatasi ya pili iliyoingia maeneo haya ilihusu watu walioporwa safari zao. Chini ya utawala wa Wajerumani, watumwa wengi walipewa vyeti vya uhuru, na makumi ya maelfu ya vyeti hivyo vilitolewa katika koloni zima kuanzia miaka ya 1890. Utumwa wenyewe haukupigwa marufuku na Wajerumani hadi mwisho wa utawala wao. Kwa hiyo mtu huru mwenye cheti na mtu huru aliyepoteza cheti walikuwa katika hali mbili tofauti kabisa mbele ya mtu aliyetaka kuwadai. Hii ni mara ya kwanza, kwa kadiri mwandishi anavyoona, ambapo kupotea kwa karatasi katika eneo hili kungeweza kumpotezea mtu hadhi yake.

Mpaka, stakabadhi na kipande

Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 ulichora mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na mwaka 1898 tume ya pamoja ikaja kuupima ardhini. Upande wa magharibi mpaka huo unafuata Mto Kalambo, ambao maporomoko yake yana kimo cha zaidi ya mita 200. Wamambwe na Walungu walijikuta pande zote mbili. Kwao, safari ya kwenda msibani kwa shangazi ikawa safari ya kimataifa bila wao kuhama hata hatua moja.

Hata hivyo, karatasi iliyowasumbua watu wa kawaida katika miaka ya mwanzo haikuwa pasi ya kuvukia mpaka. Ilikuwa stakabadhi ya kodi. Wajerumani walianzisha kodi ya kibanda mwaka 1898, na Waingereza waliowafuata wakaiendeleza. Mtu aliyekutwa njiani bila stakabadhi alihesabiwa kuwa hajalipa, na mzigo wa kuthibitisha ulikuwa wake. Kimsingi stakabadhi ile haikuandikwa kuwa hati ya safari, lakini ndiyo iliyoulizwa njiani, na kwa maana hiyo ilikuwa hati ya safari. Utaratibu huu uliishi muda mrefu kuliko ukoloni. Watu wenye umri wa mwandishi wanakumbuka vizuizi vya barabarani na vya sokoni ambapo wanaume waliulizwa stakabadhi ya kodi ya maendeleo, kodi iliyofutwa mwaka 2003. Wazazi wetu walitembea na stakabadhi za miaka kadhaa nyuma, zimekunjwa hadi mikunjo ikatoboka, kwa sababu hakuna aliyejua ni ya mwaka gani itakayoulizwa.

Ni katika kazi za mkataba ndipo karatasi ilipopata sura kamili. Ufipa haikuwa na zao kubwa la biashara wakati wa ukoloni, na fedha ya kodi ilitafutwa mbali: katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya, katika miaka ya 1930, katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Safari ya kwenda mkongeni ilikuwa ndefu ajabu. Wengi waliteremka kutoka uwandani hadi ziwani, Kasanga au Kipili, wakapanda meli ya Liemba, ambayo Waingereza waliirudisha majini mwaka 1927 baada ya kuiibua kutoka chini ya ziwa, kisha wakashuka Kigoma na kupanda treni kwenda mashariki. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, kilichojulikana kama SILABU. Waliochukuliwa kwa mkataba waliitwa manamba, neno linalotokana na namba walizopewa. Ni vigumu kupata neno linaloeleza vizuri zaidi jinsi karatasi ilivyomgeuza mtu: Mfipa aliondoka kwao akiwa na jina, akafika Tanga akiwa na namba.

Hapa inapasa kutofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa, hata katika baadhi ya tasnifu zetu. Kipande cha Kenya na kipande cha Tanganyika havikuwa kitu kimoja. Kenya, kwa sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanaume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea alilazimika kubeba hati yenye alama za vidole vyake na kumbukumbu za waajiri wake, na wengi waliivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Harry Thuku aliipinga waziwazi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Tanganyika haikuwa na hati ya jumla ya namna hiyo. Kipande cha mashamba ya mkonge kilikuwa kadi ya kuhesabia siku za kazi: kazi ya siku moja ikikamilika, kadi inawekwa alama, na siku 30 zikitimia mtu analipwa. Kipande hicho hakikumwambia askari mtu ni nani, bali kilimwambia karani mtu anadai nini. Ndiyo maana kibarua alikilinda kwa bidii. Kilikuwa chombo cha kumbana, na papo hapo kilikuwa ushahidi wake pekee.

Kusini mwa mpaka kulikuwa na chitupa. Babu wa mwandishi, aliyefanya kazi katika migodi ya shaba kabla ya uhuru wa Zambia wa mwaka 1964, alihifadhi chitupa chake ndani ya mkebe wa bati hadi alipofariki. Hakujua kusoma Kiingereza. Alijua, hata hivyo, kila mstari ulikuwa wa mwajiri yupi, kwa kuangalia rangi ya wino na mtindo wa saini. Alipoulizwa na wajukuu kwa nini hakitupi kitu hicho ilhali utawala ulioutoa umekwisha, alisema kwamba ile ndiyo karatasi iliyoonesha alikuwa wapi miaka ile yote. Wakati huo tulicheka. Mwanahistoria hapaswi kucheka, maana katika kaya nyingi za Ufipa mkebe wa namna hiyo ndio hifadhi ya nyaraka iliyopo.

Ni vyema kuongeza cheti cha ubatizo. Wamisionari wa Afrika, waitwao Mapadre Weupe, walifika Karema mwaka 1885 na kuenea Ufipa, na daftari za ubatizo zikawa kumbukumbu kongwe kuliko zote za kuzaliwa kwa mtu wa kawaida katika eneo hili. Hadi leo mtu mzima asiye na cheti cha kuzaliwa huanzia parokiani ili kupata ushahidi wa kupeleka kwa wakala wa usajili. Tofauti ya cheti hiki na kipande ni ya msingi: kikipotea, daftari lipo. Parokia ni miongoni mwa ofisi za mwanzo hapa kwetu zilizoweza kumpa mtu nakala.

Uhuru na karatasi ya mjini

Uhuru haukuondoa karatasi. Mwaka 1983 serikali ilitunga sheria ya kuwapangia watu kazi, na utekelezaji wake ukajulikana kama Oparesheni Nguvukazi. Jijini Dar es Salaam, mtu aliyekamatwa bila kitambulisho cha kazi alihesabiwa mzururaji na angeweza kurudishwa mkoani kwake akalime. Mantiki ni ile ile ya stakabadhi ya kodi: asiye na karatasi mkononi kwa wakati ule hana kazi, hata kama mwajiri wake yuko mita mia moja kutoka pale. Kwa mhamiaji kutoka Rukwa, mkoa ulioanzishwa mwaka 1974 na uliosifiwa kwa mahindi, kurudishwa nyumbani kulielezwa kama kupelekwa mahali pa uzalishaji. Kwake yeye kulikuwa kupoteza kazi na nauli.

Katumba na Mishamo

Mfano ulio mzito zaidi unatoka kaskazini mwa Ufipa. Wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972 walipewa makazi Katumba, na baadaye, kuanzia mwaka 1978, Mishamo; yote mawili yalikuwa wilayani Mpanda, ndani ya Mkoa wa Rukwa hadi Katavi ilipokatwa mwaka 2012. Kwa miongo kadhaa mkazi wa makazi hayo alihitaji kibali ili kutoka nje. Walilima, wakauza mahindi na tumbaku, wakalipa kodi, na watoto wao wakasoma Kiswahili shuleni, lakini safari ya kwenda Sumbawanga kumwona mgonjwa iliomba ruhusa.

Kuanzia mwaka 2007 walipewa uchaguzi wa kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Wengi waliomba uraia, na maombi ya watu zaidi ya 162,000 yakakubaliwa. Sharti mojawapo lilikuwa kuukana uraia wa Burundi. Kisha vyeti havikutolewa. Mpango ulikuwa wahamishiwe mikoa mingine kwanza, mpango huo ukasitishwa mwaka 2011, na watu wakabaki wakingoja hadi Oktoba 2014 vyeti vilipoanza kugawiwa. Kwa miaka hiyo majina yao yalikuwamo katika orodha za serikali. Kwa lugha ya leo, walikuwa ndani ya mfumo. Kilichokosekana kilikuwa karatasi ya kumwonesha askari kizuizini, na kukosekana kwake kulitosha kuwafanya wasijue wao ni nani kisheria wanapopanda basi.

Mwandishi anausisitiza mfano huu kwa sababu unajibu dai linalosikika sana sasa, kwamba taarifa ikishakuwa kwenye kompyuta karatasi haina kazi. Dai hilo ni kweli kwa mwenye kompyuta. Msafiri hukutana na mtu mmoja, mahali pamoja, kwa dakika chache, na kinachoamua ni kile kinachoweza kuonekana kwa dakika hizo.

Hati iliyo mikononi mwa mwingine

Pasipoti ya kielektroniki ya Tanzania ilizinduliwa tarehe 31 Januari 2018. Ndani yake mna kifaa kidogo kinachohifadhi taarifa za mwenye nayo, na ni vigumu sana kuigushi. Ubora huo, hata hivyo, unamsaidia yule anayeishika. Miezi michache kabla ya uzinduzi huo, Novemba 2017, shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa Kitanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Miongoni mwa mambo yaliyosimuliwa na wanawake hao ni kunyang'anywa pasipoti na waajiri. Chini ya mfumo wa kafala, ukaazi wa mfanyakazi umefungwa kwa mwajiri, na mwenye pasipoti kabatini ndiye mwenye ufunguo wa mlango.

Mwanamke aliye katika hali hiyo, akifanikiwa kufika ubalozini kwake, jambo la kwanza analoulizwa ni yeye ni nani na namba ya pasipoti yake ni ipi. Simu nayo inaweza kuwa imechukuliwa. Nakala ya karatasi iliyokunjwa ndani ya nguo, au nyingine iliyoachwa kwa mama yake nyumbani, ndiyo inayobaki. Hapa ndipo tofauti na manamba wa miaka ya 1940 inapoonekana wazi. Manamba akipokonywa kipande hakuwa na namna ya kuonesha kwamba kiliwahi kuwapo.

Kivuli kinavyofanya kazi, na kisivyoweza

Kiswahili cha Tanzania kimeipa nakala jina zuri: kivuli. Kivuli kina umbo la mtu lakini hakimbebei mzigo. Hakuna mpaka ambao mtu ana haki ya kuuvuka kwa kivuli cha pasipoti, na ofisa anayekikataa pale Kasesya au Tunduma hakosei. Wasafiri wengi hulalamika bure katika jambo hili. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni mfano mwingine. Tangu Julai 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, cheti hicho hudumu maisha yote ya mwenye nacho, lakini lazima kiwe na saini ya mkono na muhuri wa kituo. Kivuli chake hakitoshi kupitia. Kinatosha kumwonesha mhudumu wa kituo kilichochanja tarehe na namba ya chanjo, ili aandike kingine pasipo kumchoma mtu sindano kwa mara ya pili.

Mwandishi alijifunza jambo hili kwa gharama. Katika safari moja ya utafiti kaskazini mwa Zambia, begi lake dogo lilipotea ndani ya basi, na pasipoti ilikuwamo. Picha ya pasipoti ilikuwa ndani ya simu, na simu ilikuwa imezima. Ilipopata chaji, haikupata mtandao. Ilipopata mtandao, barua pepe iliyohifadhi nakala nyingine iliomba neno la siri ambalo huandikwa na simu yenyewe. Askari aliyekuwa zamu alikuwa mstaarabu, ila hakuwa na jinsi ya kuandika taarifa ya upotevu bila namba ya hati. Hatimaye mwandishi aliazima simu na kumpigia dada yake Chanji, ambaye alifungua sanduku, akatoa kivuli, akaisoma namba ile tarakimu kwa tarakimu. Taarifa ikaandikwa jioni ile, na kwa taarifa hiyo hati ya dharura ya kurudia nyumbani ikapatikana. Ile nakala haikuvuka mpaka hata kidogo. Ilibaki sandukuni wakati wote.

Kutokana na hayo, msimamo wa mwandishi ni kwamba nakala ya karatasi ibebwe, na nyingine iachwe nyumbani kwa mtu anayepokea simu. Ibebwe mbali na hati halisi. Nakala iliyochomekwa ndani ya pasipoti hupotea pamoja nayo, na hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Ukurasa wenye picha na namba ndio wa lazima. Picha yenyewe mara nyingi haifai: mashine nyingi za mitaani hutoa uso wa Mwafrika kama doa jeusi lenye masikio, hivyo ni afadhali kutoa kivuli cha rangi ingawa bei yake ni kubwa zaidi. Muhuri wa wakili au hakimu unaongeza uzito mbele ya ofisi za ndani ya nchi, lakini kwa msafiri aliyepotelewa ughaibuni namba inayosomeka ina thamani kuliko muhuri.

Lipo pingamizi la haki ambalo halipaswi kupuuzwa. Nakala zinazozagaa ni hatari. Nyumba za kulala wageni hapa nchini zina daftari linalouliza jina, kabila, utokako na uendako, na siku hizi baadhi huomba na kivuli cha kitambulisho ili kibaki pale mapokezini. Wakati wa usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, mwaka 2019 na 2020, watu wengi walikuwa na namba ya utambulisho wa taifa iliyochapwa kwenye karatasi tu, kwa kuwa kadi zenyewe zilikuwa hazijatoka, na karatasi hizo zilipita mikono mingi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa kueleza sababu na kuzilinda. Ni sheria nzuri. Haijafika bado kwenye droo la mapokezi. Kwa hiyo hoja ya kubeba nakala haina budi kutenganishwa na desturi ya kuigawa kwa kila anayeiomba. Mwandishi huandika kwa kalamu, katikati ya ukurasa, tarehe na jina la ofisi inayopewa kivuli, ili kisiweze kutumika kwingine kwa urahisi.

Katika duka moja la vivuli karibu na soko, Chanji, mwenye mashine huwauliza wateja wake swali moja kabla hajabonyeza kitufe: za kubeba au za kuacha? Wanaokwenda Mbala siku ya mnada husema ya kubeba, moja. Wasichana wanaopelekwa Muscat huja wakiwa na mama zao, na mara nyingi ni mama anayejibu: mbili za kubeba, moja ya kuacha.